Bonyeza F1 Uendelee

Jamani, mkinicheka nichekeni polepole, maana hii aibu nimeificha miaka na leo naitoa mwenyewe kabla Wafula hajawasimulia kwa njia yake.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa napiga video za harusi hapo Kitale, na kompyuta yangu ilikuwa imeanza vituko: inalia ta-ta-ta kama mtu anabisha mlango kwa ukucha, inaganda nikifungua picha, na kila asubuhi nikiiwasha inaandika kwa Kizungu kwamba diski iko karibu kufa, hamisha kazi zako, kisha bonyeza F1 uendelee. Mimi (fundi wa kujifundisha) nilikuwa nasoma hapo mwisho tu. Nabonyeza F1, naendelea.

Ndani yake kulikuwa na harusi ya Wafula na Nekesa, na kanda yenyewe nilishairekodi harambee ya Misikhu juu yake, harusi ikafutika. Kukhu, nyanya yake Wafula, hakuiona hiyo harusi kwa sababu alikuwa amelazwa hospitalini, na Wafula alikuwa amemwahidi kwamba ataiona yote. Sasa badala ya kuchoma CD kama watu wenye akili, nikaamua kubeba kompyuta nzima mpaka kwao Bungoma ndio watu waone mitambo (kiburi hicho!), na kutoka steji nikaifunga nyuma ya boda boda ya baiskeli, na mashimo ya ile barabara mnayajua.

Sebule ilijaa mpaka dirishani. Kukhu aliketishwa mbele na leso mpya. Nikabonyeza F1 kwa madaha. Bibi harusi akatokea kwa mlango wa kanisa, mguu mmoja juu, akabaki hivyo hivyo. Ta-ta-ta. Kisha giza.

"Mbona haingii?" Kukhu akauliza.

"Inafikiria kidogo, Kukhu."

Ilifikiria mpaka chai ikapoa. Wafula akaninong'oneza, "Bana, si uko na kanda?" Nikamwambia ukweli, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akashika kichwa.

"Basi muoane tena," Kukhu akasema. "Mimi nilikuja kuona harusi."

Mnadhani alikuwa anatania? Nekesa aliitwa kutoka jikoni, mikono imejaa unga, akasimamishwa kando ya mumewe mbele ya kijiji kizima.

"Nekesa, unamtaka huyu Wafula?" Kukhu akamuuliza.

Kanisani alikuwa amejibu kabla pasta hajamaliza swali, mimi ni shahidi. Lakini sasa alikuwa ameonja ndoa. Akamtazama Wafula, akafuta unga taratibu.

"Nitafikiria," akasema. "Aanze kwanza kurudi nyumbani mapema."

Kukhu alicheka mpaka akashika mbavu, ati sasa hiyo ndiyo harusi. Nekesa hakuondoka, wako pamoja mpaka leo. Lakini siku hizi mashine ikikohoa tu, nahamisha kazi za watu kabla sijanywa chai, maana yule Nekesa wa kujibu haraka alikuwa kwa ile diski iliyokufa tu, na Wafula bado ananiuliza kama hakuna fundi wa kumtoa humo.