Mvinyo Alioutema Khazamula

Mwaka jana, uani kwa chifu, Khazamula alionja mvinyo wa matunda ya ng'ongo wa jirani yake Tsatsawani, akautema mbele za watu.

"Shemeji, umekamua ng'ongo au umekamua punda?"

Watu wakacheka. Tsatsawani akajitwika mtungi wake, akarudi nyumbani. Hakupika mvinyo tena. Kabla ng'ongo hazijaanguka msimu mwingine, alikuwa kaburini.

Msimu huu mumewe, mzee Risimati, alikamua mwenyewe. Siku ya tatu akaonja: mchachu mno. Sukari hakutia, maana mkewe hakuitia hata siku moja. Alichukua maji ya ng'ongo aliyoyakamua asubuhi hiyo, akaongeza kata moja, akakoroga, akaonja. Bado. Akaongeza nusu kata. Hapo ukawa wa Tsatsawani hasa, utamu ule ule, uchachu ule ule. Akaupeleka kwa chifu.

Khazamula akamaliza kata nzima, akalamba midomo.

"Kaka, huu ndio mvinyo! Nani kakufundisha?"

"Yule uliyeutema mvinyo wake. Ni ule ule."

Uani wote ukaangua kicheko.

"Ah, kaka, nilimtania tu. Nijazie basi."

Risimati akamnyang'anya kata. Akawajazia wote, mmoja mmoja, akamruka yeye. Mzunguko wa pili akamruka tena.

Akabakiza kidogo, akaenda kuumimina kaburini.

"Khazamula kamaliza kata nzima, mama watoto," akasema. "Kaomba mwingine, nimemnyima. Kesho napeleka tena, naye aambulie harufu tu."