Kilima cha Wapishi

Kaka yangu alirudi kutoka vita vya Kagera mwaka ule tuliokula yanga. Wa umri wangu wanajua nasema mwaka gani. Unga wa njano wa msaada, ugali wake unanuka gunia, sukari hakuna, chai tunakunywa na pipi moja mdomoni. Sisi wa Machame tulikuwa na migomba yetu, hatukulia kama wengine, lakini yanga tulikula. Siku aliyofika nilimwekea kaka mkungu mzima wa ndizi, nikamwambia, "Haya, mpishi wa jeshi, menya tupike mtori."

Maana ndivyo alivyotuambia. Vita vyote alikuwa jikoni, anapikia askari.

Akashika kisu kama anachonga mpini wa jembe. Nusu ya ndizi iliondoka na ganda, utomvu ukamjaa mpaka viwikoni. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu ananidanganya. Mwanamume wa kwetu asipojua kumenya ndizi si ajabu. Lakini mpishi? Nikadhani labda alitoroka vitani. Nikadhani labda walimfunga. Sikumwuliza. Angenijibu ukweli, halafu ningeupeleka wapi?

Kijijini walimcheka kweli kweli. "Wenzako walimpiga nduli kwa bunduki, wewe ulimpiga kwa mwiko?" Mwanawe naye huko shuleni wakamwita Mwana wa Mwiko, akawa anarudi nyumbani shati limechanika kwa kupigana. Kaka anacheka tu na wanaomcheka. Ila ndege ikipita kwenda kutua kule tambarare, anaacha kucheka. Kata ya pombe ya mbege inasimama hewani, shingo inageuka polepole, anaifuata ndege hata ikiwa ndani ya mawingu, mpaka imetua. Kisha anaiweka kata chini bila kunywa. Hilo nililiona mimi. Wengine walikuwa kwenye kicheko.

Kaka alikufa, sasa ni zamani. Mwaka huu mwanawe, yule yule Mwana wa Mwiko, mtu mzima mwenye mvi na ofisi yake mjini Moshi, alikuja kwangu siku ya kazi. Mtu wa ofisi akija siku ya kazi, mimi naangalia kwanza amebeba nini. Alibeba bahasha na simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka unieleze habari za baba na vita."

Akaweka simu mezani, akasema inarekodi. Niliitazama ile simu, nikatazama na migomba yangu nje. Kwetu mtu akianza kuuliza habari za marehemu, tena anataka maneno yako abaki nayo yeye, ujue kihamba, shamba la ukoo, kinapimwa kwa macho. Ardhi ya baba zetu imeliwa hivyo hivyo, kwa maswali mazuri. Nikamwambia, "Kaka yangu alikuwa mpishi, sina neno jingine. Zima hiyo simu unywe mtori."

Akazima, akanywa. Alipomaliza bakuli ndipo akafungua bahasha. Kioo cha picha ya harusi ya wazazi wake kilikuwa kimevunjika, na nyuma ya picha ile imekutwa nyingine imefichwa. Nikaisogeza dirishani. Kaka yangu, kijana, ndani ya magwanda, masikio yamefunikwa na vidude vya kusikilizia, na mbele yake kioo cha duara kama sinia. Sufuria sikuiona.

"Nimeuliza wanaojua," akasema. "Hii ni rada, shangazi. Mtambo wa kuona ndege kabla haijafika. Baba alikuwa analinda anga la nchi hii, nyie mnamwita mwiko!"

"Nyie nani? Mimi sikumwita."

"Basi nisaidie. Mwezi wa kumi na mbili, ukoo wote ukija nyumbani, nitasimama niseme. Nataka na wewe useme. Ndiwe uliyebaki."

Sikumwamini. Picha ni picha, hata mimi nimewahi kupigwa nimeegemea gari la mtu. Nikamwambia, "Nitafutie aliyekaa naye huko, nimsikie kwa masikio yangu." Nilidhani atachoka. Hakuchoka. Baada ya kuuliza huku na huku alimpata mzee mmoja Uru, mwanajeshi mstaafu, akanipeleka kwa gari lake.

Mzee tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Alitukaribisha vizuri, akatupa maziwa mgando. Lakini picha hakuishika. Aliitazama ikiwa mkononi mwa huyu mwanangu wa kaka, kisha akanigeukia mimi.

"Dada, kaka yako alikwambia alikuwa nani kule kilimani tulikokaa?"

"Mpishi."

"Basi na mimi nilikuwa mpishi."

Mwanangu hakuvumilia. "Mzee, pale mlikuwa wangapi?"

"Wachache."

"Na hao wengine?"

"Wapishi." Akacheka mpaka akakohoa. "Tulikula vibaya sana."

Nilicheka na mimi. Mara ndege ikapita juu ya Uru. Kikombe cha yule mzee kikasimama hewani. Shingo ikaanza kugeuka, polepole, vile vile. Sikuhitaji kuuliza tena.

Ndani ya gari mwanangu alikuwa anapiga usukani kwa furaha. Mimi moyo wangu ulikuwa kando ya kitanda cha kaka, wiki ile ya mwisho kabla hajafa. Alinishika mkono akasema, "Ile nukta niliisema mimi. Wenzangu wakaipiga. Wakanipongeza. Lakini mpaka leo, dada, sijui ilikuwa ya adui au yetu." Nilidhani ni homa. Nukta gani inapigwa? Nikampangusa jasho. Akasema, "Mtoto asijue." Nikajibu ndiyo, kama unavyomjibu mgonjwa.

Sasa kioo nimekiona. Na nukta nimeijua inakaa wapi: ni ndege, na ndani yake mna watu.

Tulipofika nyumbani mwanangu aliweka tena simu mezani. "Sema tu unachokijua, shangazi. Wasinicheke tena."

Hapo alinichoma. Nami nina hamu, msidhani sina. Kaka yangu alikuwa na kichwa kuliko wote waliomcheka, na ningependa kusimama Desemba niwatazame usoni mmoja mmoja. Watapiga makofi. Halafu atainuka mmoja, kwenye ukoo wetu huyo hakosekani, aulize, "Sasa yeye aliona ndege za nani? Walipiga ngapi?" Na huyu mtoto hajui kuacha jambo katikati. Mzee wa Uru amempata, na ile nukta ataitafuta mpaka aipate. Akijua ni nani alikuwa ndani yake, ataishi nalo vipi? Baba yake alibeba kicheko cha kijiji kizima ili mtoto huyu asibebe hilo.

Nikachota mtori, bakuli likajaa. Ndizi zake nilizimenya mwenyewe.

"Shangazi, inarekodi."

"Kaka yangu alikuwa mpishi, sina neno jingine. Zima hiyo simu unywe mtori."