Jina Lililofutwa Kwenye Orodha ya Mtihani

Juzi nilikuwa chuo kikuu, rafiki yangu, kumsikiliza mdogo wangu, sasa profesa wa mitambo ya setilaiti. Alipomaliza, mzee mmoja akasimama akajigamba, "Huyu nilimfundisha mimi." Nilimjua kwa sauti.

Miaka ya tisini, wazazi wetu walipofariki, niliacha shule nikashika nyundo mtaani Laini Saba. Nilitengeneza antena za televisheni kwa vifuniko vya sufuria kuukuu, moshi wa mandazi ya jirani ukinipiga usoni. Mdogo wangu akitoka shule alinishikia waya, na jioni nilimsuka nywele. Mtaa mzima uliamini mlingoti ukiwa mrefu ndipo picha husafika. Yeye alibisha: kwanza geuza.

Mwalimu wake mkuu, mkazi wa mtaa jirani wa Ayany, alinunua antena kwangu akaipachika juu kuliko zote. Akaona chenga tupu kwenye skrini. Jumamosi akaniita mbele ya majirani. "Umeniuzia takataka!"

Kabla sijajibu, mdogo wangu akasema, "Mwalimu, ishushe kidogo. Halafu uigeuze, imeangalia Ngong, na matangazo hayatoki huko."

Mwalimu akaishusha, akaigeuza. Picha ikatulia.

"Ai, mwalimu! Si umefunzwa na katoto!" Majirani walicheka hadi wakashika mbavu.

Jumatatu jina la mdogo wangu lilikuwa limefutwa kwenye orodha ya mtihani wa darasa la nane. Nilipiga magoti ofisini kwa mwalimu. "Mjuaji hahitaji mtihani," alisema, akiendelea na chai yake. "Akagonge sufuria na wewe."

Ikabidi nimpeleke kwa shangazi, Kawangware, arudie darasa huko. Kila Jumapili nilitembea kumpelekea githeri, mahindi na maharagwe, nikarudi peke yangu.

Basi juzi nilisimama. "Mwalimu, mbona huwaambii ulivyofuta jina lake?"

Mzee akaketi.

"Dada, wachana naye," mdogo wangu akaninong'oneza. "Amezeeka."

"Wewe mwache. Mimi bado."

Mama alikuwa akisema aliyekanyaga husahau, aliyekanyagwa huchechemea. Karakana yetu ilibomolewa, na vile vifuniko havionekani tena juu ya mabati. Hayo siyalilii. Ninacholilia ni ile siku mdogo wangu aliporudi nyumbani kutoka Kawangware. Nilivuta kigoda, nikachukua kitana, nikamwambia aketi nimsuke kama zamani. Akacheka kwa upole. Alikuwa amejifunza kujisuka mwenyewe.