Tulichokisema Kwenye Meza ya Damu

Walioniacha nife ni wawili: shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na wifi yangu, dada yao. Majina siandiki. Mtu wa Kitaya, kijijini kwetu, akisoma hapa atawajua tu.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wa nne, damu ikakataa kukatika. Nililazwa nyuma ya gari la korosho, juu ya magunia matupu, mpaka hospitali mjini Mtwara. Magunia yale nasikia yalichomwa. Mume wangu alikuwa ng'ambo, Msumbiji, simu haipatikani. Niliofuatana nao ni mama yangu na hao wawili. Daktari akawaambia, huyu anataka damu leo hii, nendeni mkatoe.

Yaliyotokea kwenye chumba cha kutolea damu alinisimulia mama, maana mimi nilikuwa naona dari tu. Kulikuwa na meza, na nyuma ya meza nesi na kalamu yake. Mama alitangulia kupanda mizani.

"Mama, kilo arobaini na tatu. Chini ya hamsini hatuchukui."

"Nipime na khanga zangu, mwanangu."

Nesi akacheka. Mama hakuwa anatania.

Akaitwa shemeji, mwanaume wa kubeba gunia zima la korosho peke yake. Tangu garini alikuwa akinong'ona kwamba damu ile haifiki kwa mgonjwa, inakwenda kwa mumiani. Akaulizwa kama ana ugonjwa wowote wa kudumu.

"Nina kifafa, sista."

Mama akaruka. "Kifafa tangu lini, wewe?"

"Mama, ugonjwa wa mtu ni siri yake."

Wifi akaona njia imefunguka. Hata hajakaa vizuri kwenye kiti akasema, "Mimi mjamzito," huku amejishika tumbo bapa kama sinia. Nesi akaandika, kila mtu na neno lake, akawarudisha.

Nilipona kwa damu ya mtu nisiyemjua. Mpakizi wa bandarini alikuja kumtolea kaka yake, na kaka mtu akafa kabla chupa haijatundikwa. Ikatundikwa kwangu. Ninaishi kwa fungu la marehemu.

Msimu wa korosho uliofuata, shemeji alianguka. Mchana kweupe, chini ya mkorosho, povu mdomoni, visigino vinachimba majani makavu. Watu wakasema upepo mbaya. Kwenye ukoo wao hakuna aliyewahi kuwa na kifafa. Mama aliniangalia tu. Akaanguka tena, na tena.

Kisha likaja tumbo la wifi. Lilianza kama la mtoto, tukampongeza, akashona vikofia. Miezi tisa ikapita, ikapita kumi na miwili. Siku moja tukimenya ming'oko, viazi vya porini, uani nikaligusa. Lilikuwa gumu, na baridi kama mtungi.

"Anacheza?" nikamuuliza.

"Amelala," akasema, bila kuniangalia.

Akaenda nalo hivyo hivyo miaka, hospitali hataki hata kuisikia. Mwaka jana akaanza kutoka damu. Asubuhi shemeji akaja mlangoni kwangu hana viatu. Mjini wakasema ni uvimbe, utatolewa, lakini ndugu watoe damu kwanza.

Meza ilikuwa ile ile, nesi mwingine. Shemeji akakaa wa kwanza. "Chukua yangu, sista, chukua yote. Dada yangu huyu, tumbo moja."

"Una ugonjwa wowote wa kudumu?"

Nikamsemea mimi: "Ana kifafa."

"Basi hapana, baba."

"Safari ile nilidanganya!" akasema.

"Na sasa?"

Alivua kofia yake akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Nilifurahi. Kwa nini nifiche, nilifurahi.

Zamu yangu ikafika. Uongo wangu nilikuwa nimeuandaa tangu njiani. Nilijua kwamba mtu aliyeongezewa damu husubiri mwaka mzima ndipo atoe. Ningesema niliongezewa miezi mitatu nyuma, na wifi abaki na tumbo lake.

Mizani ikasema hamsini na mbili. Nesi akanitoboa kidole, akadondosha tone kwenye maji ya bluu. "Likizama, damu inatosha. Likielea, utarudi nyumbani." Niliomba lielee. Lilishuka polepole, likatua chini, likawa kama jicho linaloniangalia.

"Umewahi kuongezewa damu?"

"Ndiyo."

"Lini?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, inangoja. Nikaona povu la shemeji. Nikaona gari la korosho, magunia, na dari ile. Nikisema miezi mitatu, kalamu itaandika, na damu itanitafuta. Na safari hiyo nani atakuwa amekufa kabla chupa yake haijatundikwa?

"Miaka saba iliyopita," nikasema.

Akaandika. Nikalala kitandani, nikageuza uso ukutani, mfuko ukajaa.

Wifi alipona. Kitaya wanasema mimi nina moyo mzuri, na anayewaambia ni shemeji. Siku ya kumtazama wodini, wifi alinishika mkono. Tumbo chini ya shuka lilikuwa bapa kama zamani.

"Wifi, baada ya yote yale, kwa nini ulinitolea?"

Palikuwa na neno zuri la kumjibu, ila la uongo, na mtu mwingine angelisema. Nesi alikuwa kitanda cha pili, anaandika. Nikanyamaza.