Ewalla, Bwana

Nilifukuzwa kazi kwa kumwambia bosi wangu akalale. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua, kwa Kiingereza kizuri chenye mihuri miwili, na katibu wa chama chetu cha wafanyakazi alipoitafsiri pale kantini, wenzangu walicheka hadi mmoja akamwaga chai. "Ukaidi wa makusudi na kumtusi mkubwa wa kazi," akasoma katibu, "kwa kumwamuru, kupitia redio, aende akalale." Mimi sikucheka. Nilikuwa shanta kwenye yadi ya reli upande wa Changamwe kwa miaka ishirini na mitatu, yaani mtu wa kuunganisha mabehewa na kuyapanga kwenye laini zake, na nje ya hapo sijui kufanya lolote la maana. Hata msumari wa kutundikia kalenda nyumbani kwetu Chaani huupiga mke wangu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Bosi alikuwa kijana wa bara, ameletwa kwetu miezi michache nyuma na shahada yake na viatu vya kung'aa. Mchapakazi, siwezi kumsingizia, ila yadi aliiendesha akiwa ofisini, kwenye kiyoyozi, kwa kutazama ramani ya ukutani. Ramani ilisema laini ya nne inachukua mabehewa kumi na mawili. Ilikuwa kweli, kabla ya kampuni kujenga choo mwisho wa ile laini. Baada ya choo yalikuwa yakiingia kumi na moja, na kila mtu alijua isipokuwa ramani.

Adhuhuri moja ya jua kali, redio ya mkononi ikalia: sukuma mabehewa kumi na mawili laini ya nne. Nikamwambia hayaingii. Akasema yanaingia. Nikamwambia, bosi, kuna choo.

"Mzee, hapa hatujadiliani," akasema. "Nimesema laini ya nne."

Nikajibu, "Ewalla, bwana."

Kwa asiyekulia kwetu, ewalla ni kuitika. Ni ndiyo ya mtu mwenye adabu zake: ndiyo, nimesikia, nitafanya. Marehemu babangu alimjibu hivyo babake, na mimi sikumbuki siku niliyofundishwa. Lakini bosi hakukulia kwetu, na redio zetu zinakoroma kama mgonjwa wa pumu. Neno lilipomfikia akalikatakata kwa vipande anavyovijua mwenyewe. Alisikia, "We, lala, bwana."

Nami nikafanya kama nilivyoambiwa. Nikampa ishara dereva wa injini, tukasukuma yote kumi na mawili, na la mwisho likabaki nje ya laini, limeziba njia ya kutokea ofisini. Ilikuwa saa ya chakula. Bosi alichuchumaa akapita chini ya behewa, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipiga marufuku kwa tangazo lenye picha ya fuvu, na alipotokeza upande wa pili na grisi mgongoni, alinikuta kivulini nakunywa maji. Wiki haikwisha nikapewa barua.

Mke wangu alitaka kujua jambo moja tu. "Kwani 'sawa' ina ubaya gani? Watu wote duniani wasema sawa." Nikaanza kukaa barazani asubuhi na wazee waliostaafu, nikisikiliza habari za magoti yao. Siku ya nne mmoja wao akaniuliza goti langu la kushoto linasemaje, na nikajikuta namjibu kwa kirefu. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Nilimpigia katibu nikamwambia anirudishe yadi kwa njia yoyote.

Chama kikagombana na kampuni mpaka wakakubaliana shauri lisikizwe na msuluhishi, na uamuzi wake uwe wa mwisho. Walikodi chumba cha mikutano katika hoteli moja Shanzu. Upande wa pili wa dirisha kulikuwa na bwawa, na wageni walikuwa wakichezeshwa mazoezi majini kwa ngoma, kwa hiyo ushahidi mwingi ulitolewa kwa mdundo. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na uso wa mtu aliyesikia uongo wa kila aina.

Bosi alitoa ushahidi wake bila kuongeza chumvi. "Nilisikia na masikio yangu. Alisema, 'We, lala.' Tena akavuta, 'We, laaala.'" Karani wa ofisini kwake, wa bara vilevile, akasema naye alisikia hivyo, ila yeye alidhani mzee amechoka na jua. Katibu akasimama akaeleza neno langu. Wakili wa kampuni akalitafuta kwenye simu, akiliandika kwa tahajia ya kwao, kisha akatangaza kwa furaha, "Mheshimiwa, neno hilo halipo." Msuluhishi akatupa wiki moja tumlete mtu wa kulithibitisha.

Huyo mtu nilimjua. Shangazi yangu wa Likoni, dada yake babangu, ni mjane ambaye huwasahihisha watangazaji wa redio kwa sauti akiwa peke yake jikoni. Nilipomwambia kwamba wakili amesema ewalla halipo, aliweka mkono kifuani kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kisha akaniuliza, "Ulisema ewalla, ama ulisema eeewallaaa, bwaaana?"

Nikatazama sakafu. Maana ukweli ni huu, na sikuwa nimemwambia yeyote, hata katibu. Ewalla fupi ni utiifu. Ukiivuta, na bwana ukamburuta mkiani, inakuwa kitu kingine kabisa: haya, wewe ndiwe sultani na mimi ni punda, twende tuone utafika wapi. Niliivuta. Niliivuta kwa raha zangu zote, nikijua fika lile behewa litabaki wapi na nani atataka kupita. Nilimdharau kijana wa watu, ila si kwa neno alilolisikia yeye.

"Mie siapi uongo," akasema shangazi. "Hata kwa mtoto wa kakangu. Wakiniuliza maana ntawapa maana. Wakiniuliza zaidi, ntawapa zaidi. Umefahamu?"

"Nimefahamu, shangazi."

"Na koma."

Siku ya kusikizwa tena shauri aliingia na buibui lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Msuluhishi akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba. Akaapa. Akaeleza neno, limetoka wapi, nani humwambia nani, mke, mtoto, mtumishi. Wakili akajaribu kulitamka: "Iwala." "La, mwanangu, ongeza l moja, hazilipiwi," akasema shangazi, na hata bosi akatabasamu. Mimi nilianza kupumua.

Msuluhishi akavua miwani. "Mama, na neno hili laweza kusemwa kwa kejeli?"

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Shangazi hakunitazama. Alinyoosha ukaya wake wa kichwani, akaunyoosha tena.

"Mwanangu, umeniamkia shikamoo hapa sasa hivi. Nayo yaweza kusemwa kwa kejeli. Mie nimeitika marahaba. Sikukupima sauti."

Msuluhishi akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, kisha akarudisha miwani na kumgeukia bosi. Mabehewa yalisukumwa? Yalisukumwa. Mangapi? Kumi na mawili. Laini gani? Ya nne. "Sasa huo ukaidi," akauliza, "uko wapi?" Bosi akamgeukia wakili, na wakili akainamia simu yake. Nilimwonea huruma kidogo, nami sikutarajia.

Kwenye ujia wa hoteli shangazi alinishika sikio, mimi mwenye wajukuu, mbele ya mhudumu aliyebeba trei ya maji ya matunda. "Nimejibu nilichoulizwa," akasema. "Hakuuliza wewe uliisemaje. Angeuliza, ungekwenda zako barazani." Akanitaka nimtafutie tuktuk.

Uamuzi ulikuja baada ya siku kumi: nirudishwe kazini, rekodi yangu isafishwe. Wenzangu walinibeba juujuu kutoka langoni mpaka kantini, wakipiga kelele za ewalla, na kwa nusu saa nilijiona mtu mkubwa sana.

Kisha nikamwona bosi amesimama kando ya laini ya nne, kofia ya kazi ameivua, ameishika kwa mikono miwili. Nilidhani amekuja kunionya. Wenzangu wakatawanyika kila mtu na shughuli zake za ghafla.

"Mzee, shikamoo," akasema. Alikuwa hajawahi kuniamkia hivyo.

"Marahaba."

"Nimeuliza watu. Wameniambia hilo neno ni la heshima kubwa. Nilimpigia mama nyumbani nikamweleza, akanigombeza sana. Akasema, umefukuza mtu wa rika la babako kwa sababu amekuheshimu?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu hiyo siku sijalala vizuri, mzee. Naomba unisamehe."

Akanipa mikono yote miwili. Niliona haya ambayo sijapata kuyaona, yale ya kutamani mtu akutukane ili muwe sawa. Nilikuwa nimemshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa umesimama mbele yangu ukiniomba radhi kwa tusi nililomtukana mimi.

"Nawe nisamehe," nikasema.

"Kwa nini tena, mzee?"

"Siku ile sikuisema vizuri. Niliivuta. Nilikukejeli."

Alinitazama, kisha uso wake ukafunguka akacheka, akanipiga bega. "Nyinyi watu wa pwani mna adabu sana. Hata mkikosewa, nyinyi ndio mnaomba msamaha." Akavaa kofia akarudi ofisini, na nilimsikia kupitia dirishani akimsimulia karani, amefurahi, nami nimebaki pale na glavu mkononi, nimesamehewa kosa ambalo hakukubali kwamba nimelitenda.