Dole Gumba la Grisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa nje nikanawe mikono. Ilikuwa mwisho wa miaka ya sitini, mjini Kitui, katika kampuni ya mtu binafsi yenye malori manane na madawati matatu. Mhasibu Mkuu, mwanamume mwembamba aliyefunga tai hata Oktoba jua likichoma, alitazama vidole vyangu vilivyojaa vumbi la njiani, akasema, "Binti, leja haishikwi hivyo. Maji yako kwenye pipa."

Nikanawa. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa usafi kupita kiasi, na nitawaeleza ulivyonigharimu.

Mhasibu Mkuu alinifundisha leja, kile kitabu kikubwa ambamo kila lori lina kurasa zake: lilichoingiza upande mmoja, lilichokula upande wa pili. Alinifundisha vocha, karatasi ya kuthibitisha kwamba pesa ilitoka kwa sababu fulani. Zaidi ya yote alinifundisha hati ya mzigo, ambayo dereva huenda nayo na anayepokea hutia sahihi. Asiyejua kuandika huweka dole gumba. "Mzigo ukifika bila sahihi, haujafika," alikuwa akisema huku akigonga dawati kwa rula. Mimi nilisikia kwa masikio tu. Akili yangu ilikuwa kwenye mwandiko. Nilikuwa na mwandiko mzuri, wacha niseme ukweli, na kila aliyeingia ofisini alionyeshwa.

Baadaye nilihamishiwa Kiboko, kwenye depo ndogo kando ya barabara ya Mombasa. Msimamizi wa Depo alikuwa mnene, mcheshi, na karatasi alizichukia kabisa. Hapo ndipo nilipowajua madereva wa kujitegemea, watu wenye lori moja walilonunua kwa kulipa kidogo kidogo, wanaloendesha wenyewe na kulitengeneza wenyewe. Hesabu zao zilikuwa kichwani, au kwenye pakiti ya sigara, au zimeandikwa kwa chaki ndani ya mlango wa gari. Pesa ya dizeli ilinunua unga, karo ya mtoto ikanunua tairi, na mwisho wa mwaka mtu hajui kama gari linamlisha au yeye ndiye anayelilisha. "Hawa ndio wanakuhitaji," Msimamizi aliniambia, "si sisi."

Kampuni ilipofungwa, katikati ya miaka ya sabini, nilikumbuka maneno yake. Nikakodi baraza ya duka pale Mukuyuni, nikaweka meza na kabati la bati, nikaanza kuandika hesabu za madereva. Nilipata saba. Kila mmoja nilimpa kitabu cha gari, daftari lililofungwa kwa kamba karibu na usukani. Niliwapigia mistari: tarehe, mzigo, ulikotoka, unakokwenda, dizeli, pancha na spea, na mwisho kabisa nafasi ya aliyepokea. Sheria yangu ilikuwa waandike kabla ya kuwasha gari. Kila mwisho wa mwezi walileta daftari, nami nikahamisha kila kitu kwenye leja. Niliwafundisha pia kujilipa mshahara, ili pesa ya gari na pesa ya nyumba zisilale kitanda kimoja. Hilo waliliona kichekesho, lakini lilifanya kazi.

Kati ya wale saba alikuwa Nzioki. Alikuwa na lori la kijani alilokuwa bado analipia, watoto wanne shuleni, na mdomo usiopumzika. Kuandika alijua kidogo sana. Gunia alilichora duara, pancha akaichora duara lenye msumari. Na daftari lake, lo! Lilinuka mbuzi, lilijaa grisi, kurasa zimeshikana kwa chai.

"Nzioki, huoni aibu?"

"Karani, hiyo kitabu inafanya kazi na mimi. Mimi nikichafuka, yeye abaki safi kama nani?"

Katikati ya mwaka mmoja uvumilivu ulinishinda. Nilikaa siku mbili nikanakili daftari lake lote, tangu Januari hadi Juni, kwenye daftari jipya lenye jalada la karatasi ya kaki. Pale palipokuwa na sahihi niliandika jina na neno "amepokea". Pale palipokuwa na dole gumba, pia niliandika "amepokea". Lile kuukuu nikawashia jiko la chai. Likawaka vizuri kwa sababu ya grisi, na mimi nikacheka peke yangu.

Nzioki alipewa jipya, akalipindua mkononi. "Karani, hii ni ya harusi," akasema, akalifunga kwenye usukani.

Mwezi wa Septemba mfanyabiashara mmoja wa Kyuso alikuja kwa chifu. Machi alikuwa amempa Nzioki magunia thelathini ya ndengu ayafikishe kwenye ghala la Mukuyuni. Ghala lilipohesabiwa, hayakuonekana. Mama mzee aliyekuwa akilinda ghala na kupokea mizigo alikuwa ameshafariki. Mfanyabiashara hakuwa mtu mbaya, na hakupiga kelele. Alitaka ndengu zake, ama lori lizuiliwe mpaka zilipwe. Na lori likizuiliwa, Nzioki hana cha kulipia deni la lori lenyewe. Angelipoteza, na shule za watoto zingeisha hapo hapo.

Nzioki alikwenda kwa chifu akitabasamu, nami nikafuatana naye. Alikumbuka vizuri yule mama alivyochovya dole kwenye grisi ya gurudumu, kwa kuwa wino haukuwepo, akalibandika kwenye daftari. Hata mimi nililikumbuka. Lilikuwa kubwa, lenye kovu katikati. Na Nzioki hakujua kwamba lilikuwa limeungua jikoni kwangu.

Chifu alifungua lile daftari la kaki. Akapindua kurasa polepole, akarudi mwanzo, akapindua tena.

"Nzioki, Januari uliandika na kalamu hii?"

Nzioki akainama kuchungulia ukurasa.

"Na Juni, kalamu hii hii? Mwandiko huu huu? Hakuna hata tone la mafuta?" Chifu alivua miwani. "Hii kitabu imeandikwa kwa kikao kimoja. Umekaa nyumbani ukatunga."

Nzioki alinitazama mara moja tu, kisha akatazama viatu vyake. Hakunitaja. Mtu yule mwenye mdomo, siku ambayo mdomo ungemwokoa, aliufunga kwa ajili yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilijua pia kwamba nikisimama, biashara yangu inakwisha. Nani atampa hesabu zake karani anayechoma vitabu?

Nikasimama. "Chifu, nimekiandika mimi. Cha kwanza kilikuwa na dole la yule mama. Nililiona kwa macho yangu. Nilikichoma."

"Ulikichoma kwa nini?"

"Kilikuwa kichafu."

Watu waliokuwa dirishani waliangua kicheko. Mfanyabiashara hakucheka, wala chifu.

Chifu aliamua hivi: Nzioki si mwizi, wala hakutunga kitabu, lakini dole lililoungua yeye chifu hawezi kuliona. Kwa hiyo hasara igawanywe nusu kwa nusu. Nusu ya Nzioki atailipa kwa safari kumi na mbili za Kyuso bila nauli. Mfanyabiashara alikubali, maana mavuno yalikuwa yanakuja naye hakuwa na gari. Nami nikasema dizeli ya safari zote hizo ni juu yangu. Chifu akaandika makubaliano kwenye daftari lile lile, akanisogezea kalamu.

"Apana, Karani," Nzioki akasema. "Mwandiko yako ni mzuri mno. Weka dole."

Alitoka nje kwenye gari, akarudi na grisi kwenye kipande cha gazeti. Mimi, niliyefundishwa leja na Mhasibu Mkuu wa Kitui, nikachovya dole gumba nikalibandika kwenye ukurasa wangu safi.

Kati ya wateja saba, wanne waliondoka wiki hiyo. Nzioki hakuondoka. Dizeli nililipa kwa miezi mingi, na meza ya pili niliyotaka kununua sikununua. Tangu hapo daftari la gari halikutoka kabatini kwangu likishajaa, liwe na grisi, liwe na damu ya mbuzi. Nakala safi ililala kando yake. Walionifuata katika kazi hii niliwafundisha hilo kabla ya leja na kabla ya vocha.

Nilistaafu miaka ya tisini, macho yalipochoka. Nzioki alipouza lori aliniletea lile daftari la kaki, ambalo sasa halitofautiani na lile nililochoma. Mkaza mwanangu hutaka kulitupa kila akisafisha nyumba. Leja zangu zote zimo kabatini, mwandiko umenyooka ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna aliyewahi kuniuliza lolote kuuhusu. Wageni hufungua daftari la Nzioki, wakaona lile doa jeusi, wakauliza ni dole la nani. Nawaambia ni langu.