Kitabu Kilichokatwa kwa Panga

Kabura anasimamia rafu za vijana katika maktaba ya umma mjini Eldoret. Wanafunzi wa sekondari wakija kutafuta hadithi, hawaulizi wanapenda nini, maana watamtajia wanachopenda walimu wao. Huwauliza ni kitabu gani kiliwashinda kumaliza.

Waceke, msichana wa kidato cha pili aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alijibu papo hapo.

"Kile cha msichana anachapwa na babake mpaka anazimia, halafu mwisho anamsamehe. Nilikitupa."

"Ulitaka amfanyeje?"

"Asimsamehe tu. Hakuna kama hicho?"

Kabura aliona alama ya kipigo cha waya ikichungulia juu ya kola. Alipouliza, Waceke alisema alianguka. Kabura akampa namba yake ya simu, hakumbana zaidi. Kisha akaanza kutafuta. Alisoma riwaya moja baada ya nyingine. Katika hii binti alikufa ili wengine wajifunze. Katika ile aliokolewa na mchumba. Mwishowe, kati ya vitabu vya kilimo ambako mtu alikirudisha vibaya, alipata kijitabu chembamba cha binti wa mashamba ya chai aliyempeleka mjomba wake kortini, na hakumsamehe. Waceke alikisoma akiwa amesimama katikati ya rafu mpaka wakati wa kufunga, kisha akakiazima.

Babake, Wanjohi, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaani Langas. Asubuhi moja alikuwa akimpiga mkewe jikoni kwa mkanda, upande wenye chuma. Waceke akainua sufuria ya uji uliokuwa ukichemka, akammwagia kifuani. Wanjohi alianguka akibweka kwa maumivu. Mama na binti wakatoka mbio miguu mitupu hadi kituo cha polisi, damu ikimchuruzika mama sikioni.

Polisi walipofika, Wanjohi alikuwa ametoroka. Lakini alirudi kisirisiri, akapekua vitu vya bintiye, akakuta kitabu chenye muhuri wa maktaba.

Aliingia maktaba akiwa na bandeji kifuani na panga ndani ya gunia.

"Nani anapea watoto wetu hizi takataka?"

"Ni mimi," Kabura alisema, akisimama.

Wanjohi alikitupa kitabu mezani akakikata. Panga lilipita karatasi likazama kwenye mbao. Alipolichomoa, alilielekeza kichwani kwa Kabura. Kabura akainua mkono kujikinga, makali yakamchana kiganja hadi mfupa.

Purity, mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuwa akisoma pale karibu, alimgonga Wanjohi mgongoni kwa kiti. Panga likaanguka. Wasomaji wengine wakamrukia, wakamwangusha, wakaanza kumpiga kwa mateke na miguu ya viti. Bandeji ikang'oka, na ngozi iliyoungua ikang'oka nayo.

"Malizeni huyo!" mtu alipaza sauti.

Kabura alikuwa ameketi sakafuni, mkono ameufunga kwa mtandio wake. Sauti alikuwa nayo, na wangemsikia. Alitazama kiatu kikitua mdomoni mwa Wanjohi, kisha kingine, meno yakimwagika, na moyoni alisikia utamu ambao hakuwahi kuujua. Akawaacha. Ni pale Purity alipookota panga ndipo Kabura alipopiga kelele.

"Purity! Weka chini!"

"Alitaka kukuua, Madam."

"Najua. Weka chini."

Akajikokota, akasimama kati ya panga na mtu aliyelala. Damu yake ikamdondokea Wanjohi usoni. Purity akaliachilia panga, akaanza kulia.

Kortini, wakili wa Wanjohi alimuuliza Kabura kama anakubali kwamba ndiye aliyemfundisha mtoto kumchoma babake.

"Nilimpa kitabu," Kabura alijibu. "Hakuna mtu anamwagiwa uji kwa hicho kitabu. Kupiga watu alikuwa anaona nyumbani."

Wanjohi alifungwa. Vidole viwili vya Kabura havikunjiki tena. Ofisi kuu ya maktaba ilitaka riwaya kama ile ziondolewe; amekataa, na mvutano haujaisha.

Waceke na mamake sasa wanaishi Soy kwa shangazi. Wakati wa likizo Waceke alikuja maktabani, amenenepa kidogo, bila sweta.

"Bado namuota, Madam," alisema. "Nikimmwagia tena na tena. Na kwa ndoto nafurahi."

"Mimi pia namuota," Kabura alimwambia. "Na wakimpiga, siwazuii."

Kisha Waceke akasema sasa anataka hadithi ya kuchekesha, isiyo na mtu anayechapwa. Wakatafuta pamoja. Mlango ulipogongwa na upepo, wote wawili waliruka, Waceke akashika kiti. Walingoja. Hakuna aliyeingia. Akakiweka chini, wakaendelea na rafu ya pili.